Starlet ya zamani uani: Kazi ipi mfanye na watoto, ipi muachie fundi

Dar es Salaam. Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, Tanga au Unguja, si ajabu kuliona. Gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, turubai juu yake limechanika, matairi yamekaa chini, kutu imeanza kutafuna pembezoni mwa milango. Mara nyingi ni Toyota Starlet. Mwenye nyumba hajaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu anaamini iko siku atalitengeneza.

Katika baadhi ya nyumba siku hiyo hufika. Baba ananunua msasa na spana, mama anauliza kazi itaisha lini na itakula shilingi ngapi, watoto wanalizunguka gari kila Jumamosi wakitaka kushika kila kitu.

Ni kazi yenye faida kwa familia. Mtoto anajifunza kupima, kusubiri, kurudia kilichoharibika na kumaliza alichoanza. Anakaa na mzazi saa nyingi bila simu wala televisheni. Lakini kuanzia siku ya kwanza ya kazi, ua wa nyumba unageuka gereji, na gereji ina vitu ambavyo mwili wa mtu mzima unavihimili kuliko wa mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza vipuri vinapatikana wapi, mzazi ajiulize kwanza: kazi ipi ifanyike nyumbani watoto wakiwepo, ipi ifanyike wakiwa mbali, na ipi isifanyike nyumbani kabisa?

Umri wa gari una maana

Starlet zinazoonekana zaidi mitaani ni za matoleo mawili ya mwisho: EP82, lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, na EP91, lililoanza mwaka 1996. Utengenezaji ulikoma mwaka 1999 na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Hii ina maana kwamba hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 25.

Uzuri wake ni kwamba ni gari jepesi, lisilo na mambo mengi ya kielektroniki, na mafundi wengi wanalijua. Ubaya wake ni kutu, hasa kwa gari lililokaa Pwani.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni. Chumvi iliyomo kwenye hewa ya baharini huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana gari lililoegeshwa Kigamboni au Mjini Magharibi huoza haraka kuliko lililoegeshwa Dodoma.

Kutu haiponi kwa puti

Kagua kabla ya kutoa hata shilingi moja. Inua mazulia uangalie sakafu. Ondoa tairi la akiba uangalie chini yake. Angalia chini ya betri, kingo za kioo cha mbele, matao ya matairi na ubao wa chuma ulio chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi, kisha sukuma taratibu kwa ncha yake.

Chuma kikilia vizuri na kutu ikawa juu juu tu, hiyo ni kazi ya msasa na rangi ya kuzuia kutu. Bisibisi ikizama, hicho si chuma tena. Hapo panatakiwa kukatwa na kuchomelewa chuma kipya.

Wengi hukosea hapa. Tundu linajazwa puti, linapigwa msasa, linapakwa rangi, gari linang'aa. Puti hurekebisha sura tu, haibebi uzito. Kama tundu liko pale mkanda wa usalama ulipofungwa, au pale miguu ya gari iliposhikiliwa, au kwenye ubao wa chini ya mlango, basi siku ya ajali hakuna kitakachomshika mtoto aliyekaa kiti cha nyuma.

Kama mafundi wawili wasiofahamiana watakuambia sehemu hizo zimeoza pande zote, sikiliza. Gari hilo linaweza kubaki la kujifunzia kufungua na kufunga, lakini lisirudi barabarani na familia ndani.

Pepopunda haitoki kwenye kutu

Wazazi wengi wanaamini kutu yenyewe ndiyo huleta pepopunda. Ukweli ni kwamba ugonjwa huo husababishwa na bakteria ambao vijidudu vyake hukaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Chuma chenye kutu ni hatari kwa sababu kinakwaruza na kutoboa, na mara nyingi kimekaa kwenye udongo huohuo. Msumari mpya uliodondoka mchangani unaweza kuleta ugonjwa uleule.

Tanzania humkinga mtoto dhidi ya pepopunda kwa chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi ya kliniki ya mwanao. Kisha jiulize mwenyewe baba: mara ya mwisho ulichanjwa lini? Wanawake wengi huchanjwa tena wakiwa wajawazito, lakini wanaume hawana hudhurio la namna hiyo. Kinga hupungua miaka inavyokwenda, na anayekwenda kulala chini ya gari la kutu mara nyingi ni baba.

Mtu akijikata, osheni jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, lifunikeni, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa kama limeingia ndani au lina udongo. Msimwagie petroli, oili wala maji ya betri.

Vumbi usiloliona

Betri ya gari ina madini ya risasi na tindikali. Rangi za zamani za magari nazo zinaweza kuwa na risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linaeleza pia kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake hugusa ubongo unaokua, na mara nyingi mzazi haoni dalili yoyote mapema.

Mtoto si lazima ashike betri ndipo adhurike. Vumbi la msasa linatua sakafuni, linaingia na viatu, linabaki kwenye nguo za baba. Mtoto anayetambaa anapitisha mikono humo, kisha anaiweka mdomoni.

Kwa hiyo pigeni msasa ukiwa umeloweshwa maji, si mkavu. Tandikeni turubai chini ya gari ili mabaki yakusanywe na yasisambae uani. Anayefanya kazi avae barakoa nzuri, avue nguo na viatu nje, aoge kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Betri iliyokufa ipelekwe kwa wanaozinunua, isifunguliwe wala kupasuliwa nyumbani.

Tindikali ikiruka jichoni, osheni kwa maji mengi safi mfululizo kwa dakika zisizopungua 15, kisha mkimbilie hospitali. Anzeni na maji, safari ifuate.

Vumbi lingine ni la breki. Pedi za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa huweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Japan ilipiga marufuku bidhaa za asbesto kwa ujumla mwaka 2006, wakati Starlet ya mwisho ilikuwa imeshatoka kiwandani. Usipulize breki kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitupe kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Petroli kwenye chupa ya maji

Gari lililolala miaka lina petroli iliyochacha ambayo lazima itolewe. Njia iliyozoeleka ni mpira na mdomo: mtu ananyonya, petroli ikifika anatema. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta nimonia kali. Tumia pampu ya mkono.

Kisha swali la wapi iwekwe. Nyumba nyingi huiweka kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, anaangalia umbo la chupa. Tumieni dumu la petroli lenye mfuniko unaokaza, lisilofanana na chombo chochote cha kunywea, na lifungiwe mbali na jiko. Hali ni hiyohiyo kwa thina na maji ya rejeta yenye rangi ya kijani au nyekundu. Haya ya rejeta mara nyingi yana kemikali yenye ladha tamu, na huharibu figo.

Mtoto akinywa petroli au thina, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Kumtapisha ndiko kunakoweza kuisukuma mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, chukua chombo alichonywea, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima.

Gari si nyumba ya kuchezea

Kwa mtoto, gari lililoegeshwa ni nyumba ndogo ya kujificha. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto linaweza kupanda kwa takribani nyuzi 11 za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Vitasa vya gari la zamani huweza kukwama, na mtoto akashindwa kufungua kutoka ndani.

Funga milango yote na buti kila unapomaliza kazi, funguo zikae juu asikofika. Mtoto akipotea machoni, angalia kwanza ndani ya gari na kwenye buti.

Jeki nayo ina kanuni moja: ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likishanyanyuliwa liwekwe kwenye stendi za chuma, juu ya sakafu ngumu na bapa, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa. Tofali hupasuka ghafla. Wakati gari liko juu, hakuna mtoto anayesogea, hata wa kuleta spana.

Injini ikiwashwa, gari liwe mahali pa wazi. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu kwenye banda lililofungwa.

Halafu kuna matairi ya zamani yaliyorundikwa ukutani. Maji ya mvua yakituama humo, mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Toboeni matairi, yahifadhini ndani au yaondoeni kabisa.

Kazi za kugawana

Baada ya yote hayo, bado ziko kazi nyingi za kufanya na watoto.

Wa miaka 5 hadi 8 anaweza kuosha vioo na viti vilivyotolewa nje, kupanga boliti safi kwenye makopo na kuchora mahali kila moja ilipotoka. Makopo hayo yasifikiwe na mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu boliti humkaba.

Wa miaka 9 hadi 13 anaweza kufungua skrubu za viti na vibao vya ndani, kupiga picha kila hatua, kutunza daftari la matumizi, na kwenda nanyi Gerezani au Ilala kuulizia bei za vipuri. Mpe kazi ya kulinganisha bei za maduka matatu kabla ya kununua.

Kuanzia miaka 14, kijana anaweza kubadilisha plagi, chujio la hewa na oili akiwa na glovu, miwani ya kinga na mzazi pembeni. Hii ni kazi ya binti pia. Usimtume chai wakati kaka yake anashika spana.

Kuchomelea, hasa karibu na tangi la mafuta, kufungua breki na kupiga rangi ya mashine ni kazi za fundi, na zifanyike kwake. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kukazia zina kemikali ziitwazo aisosianati, zinazoweza kumletea pumu hata mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nayo. Nyumba yenye mtoto wa pumu isijaribu kabisa.

Gari lisile ada

Wekeni bajeti ya mwezi na muikubali baba na mama kwa pamoja kabla ya kuanza. Fedha ikiisha, kazi isubiri mwezi ujao. Chagueni siku moja ya wiki na saa ya kumaliza, vifaa virudi kwenye sanduku lenye kufuli.

Kabla ya safari ya kwanza, gari likaguliwe na fundi asiyehusika na matengenezo yenu: breki, usukani, matairi na mahali mikanda ilipofungwa. Kisha vuta kila mkanda kwa nguvu, wa nyuma pia. Ukikwama au ukilegea, ubadilishwe kwanza. Rangi inaweza kusubiri.