Bukavu: mwanya wa segma, kipimo cha dakika kumi kinachookoa injini ya pikipiki

Pikipiki inapanda kuelekea Kadutu na abiria wawili, nyuma inatoa moshi wa buluu. Mjini Bukavu hakuna anayegeuka kuitazama. Motari mwenyewe anajua maana yake: injini inakula mafuta, na siku ya kuifungua imekaribia. Siku hiyo ikifika atakaa bila kazi, atanunua pistoni na segma mpya, na mwenye pikipiki bado atangojea pesa zake za kila siku.

Hasara hiyo motari ameizoea. Kinachomuuma zaidi ni injini iliyotoka garaji jana kukwama leo katikati ya mlima. Mara nyingi lawama huenda kwa pistoni "ya bandia" au kwa mafuta mabaya, na wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wachache huiuliza: je, fundi alipima mwanya wa segma kabla ya kufunga?

Segma ni zile pete nyembamba zinazozunguka pistoni. Mbili za juu huzuia gesi ya moto isishuke chini, na ya tatu hukwangua mafuta kwenye ukuta wa silinda. Kila pete imekatwa mahali pamoja, na ikiwa ndani ya silinda ncha zake mbili hukaribiana bila kugusana. Nafasi hiyo ndogo ndiyo mwanya.

Nafasi hiyo ipo kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Chukua Honda CG125, injini ambayo viwanda vingi vya China vimeiiga. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5, kwa hiyo segma yake ikinyooshwa ina urefu wa karibu milimita 177. Segma ikipata joto la digrii 100 zaidi ya silinda, urefu huo huongezeka kwa karibu milimita 0.2. Kama fundi aliacha 0.05 tu, ncha zitagongana. Segma haina tena pa kwenda isipokuwa kusukuma ukuta wa silinda: inaufuta mafuta, inaukwaruza, kisha inavunjika au inakwamisha pistoni. Na mlimani ndiko joto linakozidi, maana injini hizi hupozwa na upepo, na pikipiki iliyobeba mzigo katika gia ya kwanza haipati upepo wa kutosha.

Kitabu cha mtengenezaji kikiwepo, kifuatwe. Kisipokuwepo, hesabu ya mafundi wengi duniani ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.004. Kwa silinda ya 56.5 hiyo inatoa karibu 0.23. Ikifika 0.30 hakuna wa kulia. Hewa kidogo itapita, basi. Ikikaribia nusu milimita, segma hiyo imekwisha kazi. Kwa maneno mengine, kuzidisha kidogo ni kosa dogo, na kupunguza kidogo ni kosa kubwa.

Kupima si kazi ngumu. Segma huingizwa peke yake ndani ya silinda safi, kisha husukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, isilale upande. Halafu vile vijikaratasi vya chuma vya kupimia hupitishwa katikati ya ncha. Kila segma ipimwe, hata iliyotoka katika boksi jipya, kwani segma za silinda iliyochongwa kwa 0.25 na za 0.50 zinafanana sana machoni.

Ukiwa mdogo, mwanya hupanuliwa kwa tupa laini, upande mmoja wa ncha tu. Tupa itoke nje kwenda ndani ili isibandue rangi ngumu ya uso wa segma, na fundi apime tena baada ya kila mikwaruzo michache. Ukiwa mkubwa, hakuna dawa. Segma hairefushwi.

Kipimo hiki kinasema na jambo jingine, na hapa ndipo mteja na fundi hugombana. Mteja ana pesa ya segma tu. Kuchonga silinda hataki kusikia. Basi fundi apime segma moja mara mbili: chini kabisa ya silinda, mahali pasipolika, kisha juu, sentimita moja hivi kutoka ukingoni. Tuseme chini anapata 0.25 na juu 0.55. Tofauti ni 0.30. Ukiigawa kwa tatu na kidogo unapata karibu 0.1: silinda imepanuka juu kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Segma mpya hapo zitanyamazisha moshi kwa muda mfupi, kisha utarudi. Ni heri mteja aone namba hizo kwa macho yake kabla hajalipa. Na katika silinda iliyolika hivyo, mwanya wa chini, ule mdogo, ndio wa kuangalia ili ncha zisigongane.

Wakati wa kufunga, alama iliyo kwenye segma hutazama juu, na mianya ya segma tatu haipangwi mstari mmoja. Husambazwa kuzunguka pistoni ili gesi isipate njia ya moja kwa moja. Kisha mafuta safi, na siku za kwanza bila mizigo mizito, jambo ambalo mwenye pikipiki hulikubali kwa shida.

Garaji nyingi za kando ya barabara hazina vipimo hivyo vya chuma. Wembe wa kunyolea wenye makali pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1. Nyembe mbili zikipita pamoja bila kulazimishwa, mwanya umefika 0.2. Tano zikipita, segma hiyo isirudi ndani ya injini. Makali yafunikwe kwanza kwa karatasi au gundi, kwenye sehemu isiyopimwa, maana vidole vya fundi navyo vina kazi kesho.