Bawabu wa Nyumba na Milango Yake

Televisheni iliyounganishwa na intaneti ni kompyuta kamili. Nyumbani hupewa anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.1.20, isiyoweza kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Anwani ionekanayo ulimwenguni ni ya ruta, kifaa ambacho twaweza kukiita bawabu wa nyumba. Televisheni iombapo filamu, bawabu huliandika ombi hilo katika daftari lake, na jibu lirudipo hulifikisha kwa mwombaji. Ujumbe ambao haukuombwa hutupwa.

Ruta ina milango yenye namba 0 hadi 65,535, kwani kila namba huandikwa kwa biti 16. Mtu atakaye kuiendesha televisheni yake akiwa safarini humwagiza bawabu hivi: kila ajaye kwa mlango 8080, mpeleke 192.168.1.20. Sharti anwani hiyo isibadilike, la sivyo mgeni atapelekwa kwenye kifaa kingine.

Hapa ndipo penye hatari, kwa maana bawabu hamwulizi mgeni jina. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zilizoachwa wazi zikiwa na maneno ya siri ya kiwandani.

Basi ikumbukwe kwamba kutazama filamu hakuhitaji kufungua mlango wowote, maana televisheni yenyewe ndiyo ianzayo mazungumzo. Mwenye haja ya kweli na afungue mlango mmoja tu, abadili neno la siri, na aufunge amalizapo.