Mwanasesere na kitabu cha akiba
Krismasi ya 1983, wazazi nchini Marekani walipigana vikumbo madukani wakigombea wanasesere wa Cabbage Patch Kids. Kila mmoja alikuja na jina lake na hati ya kuasiliwa; mnunuzi akajiona mlezi. Wakatengenezwa kwa mamilioni, homa ikapoa, na mwaka 1988 kampuni ya Coleco iliyowauza ikafilisika.

Kitabu cha akiba nacho hubembeleza moyo: jina lako, salio linalopanda. Lakini ukiweka Sh 100,000 kwa riba ya asilimia 3 huku bei zikipanda asilimia 5, baada ya mwaka una Sh 103,000, na mzigo uliouacha dukani sasa ni Sh 105,000. Kabla ya kuweka, linganisha riba na mfumuko wa bei, kisha uliza makato na kiwango cha bima ya amana.