TAA YA CHUMBE PEKE YAKE HAITOSHI

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuja Unguja hukiona kisiwa cha Chumbe kabla hajaifikia Bandari ya Malindi. Ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, chenye hekta zipatazo 24, na juu yake umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 wakati wa utawala wa Waingereza. Upo pia msikiti mdogo wa tangu zama za walinzi wa taa. Kwa zaidi ya karne moja mnara huo umewaonyesha manahodha wa majahazi na meli mahali ulipo mwamba.

Hata hivyo, wananchi wengi hawalitaji jina la Chumbe bila ya kuikumbuka tarehe 18 Julai, 2012. Siku hiyo meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa hicho, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Roho nyingi zilipotea. Msiba huo ulitufika kabla haujatimia mwaka tangu kuzama kwa MV Spice Islander, Septemba 2011, katika safari ya kwenda Pemba.

Hapana budi tujiulize: taa ya Chumbe ingeweza kufanya nini siku ile? Ilikuwa mchana, wala meli haikupasuliwa na mwamba. Chombo kile kiliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria katika maji ya ndani ya jimbo la Washington. Hakikuundwa kwa mawimbi ya kusi katika mkondo wa Zanzibar. Hatari haikukisubiri Chumbe. Iliondoka nacho bandarini.

Chumbe yenyewe inatupa funzo. Kwa miaka mingi uvuvi ulizuiliwa upande wake wa magharibi kwa kuwa ni njia ya meli, na matumbawe yake yakasalimika. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba huo kuwa hifadhi. Waliokuwa wavuvi wakafunzwa kazi ya ulinzi, na wanafunzi wa skuli zetu wakapelekwa kujifunza huko. Leo zimehesabiwa aina zaidi ya 200 za matumbawe na zaidi ya 400 za samaki, na paa nunga amepata makazi katika msitu wake. Sheria ile haikufaulu kwa sababu ya ukali wa maandishi yake. Ilifaulu kwa sababu wapo watu wanaoilinda kila siku, wakamwendea mvuvi kwa lugha ya kuelewana, bila ya kumbagua huyu na kumstahi yule.

Ulinzi wa namna hiyo ndio tunaoudai kwa abiria. Mkaguzi akikuta chombo hakifai, kisiondoke, awe ni nani mwenye chombo. Orodha ya abiria ilingane na vichwa vilivyomo. Nahodha anayekataa kung'oa nanga kwa sababu ya upepo asiadhibiwe na tajiri wake. Nasi abiria tusigombanie nafasi katika chombo kilichokwisha kujaa, kisha tukamlaumu ofisa aliyetuzuia.

Samaki wa Chumbe wamepata walinzi wasiolala. Binadamu apitaye mbele ya kisiwa hicho anastahili kupata si chini ya hayo. Tahadhari kabla ya hatari.