Dumu Bovu, Kilima Kikavu

Dumu la kwanza nililokata lilikuwa zima. Nilikuwa darasa la nne, Nachingwea, na mama alikuwa ameenda msibani. Nikachukua panga, nikabandua ubavu wa dumu la njano la lita 20, nikakimbilia kilimani na wenzangu. Tuliteleza mpaka jua likazama. Kurudi nyumbani nikamkuta mama amekaa kizingitini, mabaki ya dumu yako miguuni pake. Yaliyofuata siyasimulii. Anayeijua foleni ya bombani wakati wa kiangazi kule kusini anaelewa kwamba mama hakuwa na kosa.

Mwaka huu nikapangiwa mazoezi ya kufundisha, hii TP yetu, wilaya ya jirani, Ruangwa. Fizikia, mada msuguano. Darasa zima lilinikariria maana yake kwa Kiingereza, vizuri kabisa, kama kwaya. Nikauliza kwa Kiswahili: mbona kwenye nyasi kavu unateleza na kwenye udongo mtupu unakwama? Kimya. Maabara ilikuwa na kabati moja lenye kufuli, na ufunguo wake kila mtu alisema uko kwa mwenzake. Dirishani kilionekana kilima chenye nyasi zilizokauka. Nikauliza tena: nani amewahi kuteleza na dumu? Mikono yote juu, hata ya wale wa nyuma ambao siku zote huwa wamelala.

Wengi wetu tumeteleza tumekaa. Pwani, Lindi mjini, watoto hutumia karara la mnazi. Sisi wa bara tuna dumu. Lakini kijana mmoja alitaka kusimama. Alikuwa ameona kwenye simu ya kaka yake watu wakishuka kwenye theluji juu ya kibao kifupi, miguu haijafungwa popote. Nikamwambia mchezo wa kusimama juu ya theluji nao una historia ya vitu vya nyumbani. Mwaka 1965, siku ya Krismasi, huko Muskegon, Marekani, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliunganisha vibao viwili vya kutelezea theluji ili mabinti zake wasimame juu yake kama watu wa kwenye mawimbi. Mke wake akakiita Snurfer, na mwaka uliofuata kiwanda kikaanza kuvitengeneza. Kwa hiyo usidhani walianzia dukani.

Kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua mpaka nilipoanza kuandaa somo ni hiki. Chini ya vibao vya theluji vya leo huwekwa plastiki iitwayo poliethilini. Dumu letu la mafuta ya kupikia nalo ni poliethilini. Ukiligeuza, mara nyingi utaona pembetatu yenye namba 2. Yao haichakai upesi kama yetu, lakini ni ukoo mmoja. Tena wapo wanaoichanganya na kinywe, yale madini meusi ya kwenye penseli, ili iteleze zaidi. Na kinywe kinatoka wapi? Matambarale, humuhumu Ruangwa. Darasa lilicheka kwa sauti mpaka mwalimu wa jirani akachungulia.

Basi tukatengeneza. Unahitaji dumu la lita 20 lililopasuka, kipande cha ubao cha sm 75 kwa 20 (sisi tulibandua kwenye kichanja cha mizigo kilichovunjika), kandambili zilizokatika, ukanda wa tyubu ya baiskeli na misumari mifupi. Kata kichwa na kitako cha dumu, kisha lichane wima kwenye kona moja. Ukilifungua unapata karatasi ya plastiki yenye urefu wa kama mita 1 na upana wa kama sm 30. Haitalala yenyewe, kona zake zina ukaidi. Imwagie maji yanayochemka, ilaze pahali tambarare, ikandamize kwa tofali mpaka ipoe. Usiipeleke kwenye moto: itanyauka, na moshi wake ni mbaya kifuani.

Sasa weka ubao katikati. Plastiki inabaki kama sm 5 kila upande. Ikunje ipande ubavuni na uigongelee misumari hapo, ubavuni, siyo chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kichwa cha msumari kikiwa chini kinashika ardhi kama nanga, kibao kinasimama na wewe unaendelea na safari. Mbele acha plastiki izidi sm 15 au 20, iloweshe tena kwa maji ya moto na uikunje juu, kisha ifunge na tyubu ibaki imeinama kama pua ya mtumbwi. Bila pua hiyo, kisiki cha kwanza kinakutosha. Juu gongelea nyayo za kandambili, maana mguu unataka kushika wakati chini panateleza. Msuguano unautaka juu na huutaki chini, na hilo nililiandika ubaoni kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Kupima ni rahisi kuliko kitabu kinavyotisha. Weka kipande cha plastiki juu ya ubao wa mita 1, na jiwe juu yake. Inua ncha moja polepole mpaka kianze kuteleza. Pima kimo, gawanya kwa urefu wa msingi, jibu ndilo namba ya msuguano. Sisi tulipata kimo cha sm 28, msingi sm 96, yaani kama 0.29. Tukasugua plastiki kwa penseli iliyochongwa unga, tukarudia: sm 20 kwa 98, kama 0.20. Binti mmoja ambaye hakuwahi kujibu swali darasani ndiye aliyeuliza kama jiwe zito zaidi lingebadilisha jibu. Tukaongeza jiwe. Halikubadilika kitu. Akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe.

Sasa niseme kosa langu. Niliwaambia wanafunzi walete madumu ambayo nyumbani hayatakiwi kabisa, nikiwa namkumbuka mama. Niliona nimetoa agizo la busara. Jumatatu yakaja madumu kumi na moja, na moja lilikuwa jeupe, dogo, lina matundu chini, lebo imebanduka nusu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Shambani kwa babu, madam. La dawa ya mikorosho. Babu kashalitoboa, halina kazi tena."

Alikuwa amelibeba kwapani njia nzima. Nilimpeleka kunawa kwa sabuni, mikono na ubavu, na shati nikamwambia likafuliwe peke yake. TP yetu inaangukia msimu wa kupulizia mikorosho, na mimi mtoto wa korosho sikuliwaza hilo! Chombo cha kiuatilifu huoshwa mara tatu na kutobolewa ili asije mtu akakiwekea maji. Lakini kwa mtoto anayetafuta dumu lisilotakiwa, matundu yale yanamwambia lichukue.

Jioni nikaenda kwa mzee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kaa."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Mimi nilitoboa mtu asichotee maji," akasema. "Kuchezea sikuwaza." Kesho yake alimkabidhi bwana shamba vyombo vyote vilivyokuwa chini ya mkorosho, na mimi nikabadilisha agizo: dumu la mafuta ya kupikia au la maji tu, lenye lebo au lililotoka jikoni kwenu, na mzazi awe amesema ndiyo. Lenye matundu yaliyotobolewa makusudi, au lenye harufu usiyoijua, usiliguse, mwambie mkubwa.

Kilimani tulipanda Ijumaa baada ya vipindi. Chagua mteremko unaoishia kwenye tambarare, siyo barabarani wala kwenye makorongo, na utembee kwanza kwa miguu kuondoa mawe na visiki. Wa kwanza wakashuka wamekaa. Yule kijana akasimama, magoti ameyakunja, mikono kama mwewe, akaenda labda mita tano, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi, akainuka anacheka. Mara ya nne alifika chini.

Usiku nikampigia mama Nachingwea kumsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu:

"Na hilo dumu mlilokata, la nani?"