Maelezo ya Zana: Utanzu wa Msomaji Asiyeweza Kuuliza

Sisi wahakiki tumezoea kugombania riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya kazi tumewaachia wengine. Katika makala haya nakusudia kujadili utanzu mdogo sana, pengine sentensi nne au tano tu, ambao naona unatuhusu moja kwa moja: maelezo ya zana anayopewa wakala wa akili unde.

Kwanza tuelewane. Wakala ni programu inayopewa kazi kwa lugha ya kawaida, kisha ikaamua yenyewe itumie zana ipi: kutafuta bei, kukata tiketi, kutuma ujumbe. Kampuni ya OpenAI iliziwezesha modeli zake kuita zana za nje mwaka 2023. Novemba 2024 Anthropic ikatoa utaratibu wa MCP wa kuziunganisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba modeli haioni yaliyomo ndani ya zana. Inaona jina, maelezo, na nafasi za kujazwa. Basi. Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967 alikuwa akibishana na wahakiki wenzake. Hapa mwandishi hayupo kweli, na msomaji hana wa kumwuliza alikusudia nini.

Sasa hebu twende Kate, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Tuseme kuna zana ya kutafutia mabasi, na aliyeitengeneza kaandika: "Hutafuta usafiri. Jaza mahali na saa." Mtu wa Ufipa hataona kasoro. Lakini mahali gani, pa kutokea au pa kwendea? Na hilo jina Kate, kwa modeli iliyosoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, linaweza kabisa kuwa la mwanamke wa Uingereza. Halafu saa! Mama anayempeleka mtoto hospitali Sumbawanga anauliza basi la saa 12 asubuhi, yaani jua linapochomoza. Zana inahesabu kuanzia usiku wa manane. Wakala akijaza 12:00, mama atafika kituoni adhuhuri, basi likiwa limeondoka saa sita nzima nyuma. Mama kasema Kiswahili fasaha, na mashine imehesabu sawasawa. Kilichoharibu ni sentensi iliyonyimwa muktadha.

Mimi ningeandika hivi: "Hutafuta mabasi kati ya vituo viwili mkoani Rukwa. Kituo cha kuondokea: jina la mji au kijiji, mfano Kate. Kituo cha kufikia: vivyo hivyo. Saa: kwa mtindo wa saa 24. Mtumiaji akitaja saa ya Kiswahili, ibadilishe kwanza. Saa 12 asubuhi ni 06:00. Asipotaja asubuhi au jioni, muulize. Zana hii haikati tiketi." Sentensi ya mwisho ndiyo waandishi wengi wanaisahau, na kwangu ndiyo yenye uzito, maana msomaji huyu ana tabia ya kudhani zana inafanya kila kitu. Ukija kwenye mahindi ni yale yale: nafasi iliyoandikwa "kiasi" haisemi kama ni kilo, debe au gunia, na gunia lenyewe kama limefungwa lumbesa.

Kuna tatizo la zana mbili zinazofanana. Wafipa wa zamani walifua chuma kwa matanuri mawili. Ilungu lilikuwa refu kumpita mtu, halikuvukutwa, hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Humo ndimo mawe ya chuma yalimoyeyushwa. Kintengwe kilikuwa kifupi, kikavukutwa kwa mivuo, na kazi yake ilikuwa kusafisha chuma kilichotoka kwenye ilungu. Ukiyaeleza yote mawili kuwa "tanuri la chuma" hujasema uongo, ila hujamsaidia anayetakiwa kuchagua. Inabidi kila moja litaje mwenzake: hili hutangulia, lile hufuata.

Wapo watakaosema, basi tuandike marefu tumalize. Hapana. Kila neno linachukua nafasi katika kile ambacho modeli inasoma kwa wakati mmoja, na zana 50 zenye maelezo ya ukurasa mzima zinaipoteza njia vilevile. Kitendawili kinaficha makusudi kwa maneno machache, na raha yake iko humo. Utanzu huu una maneno machache hayo hayo, lakini hauna mji wa kupewa msomaji akishindwa.

Tusisahau majibu ya zana, kwani nayo ni sehemu ya matini. "Hakuna basi" inaweza kuwa na maana kwamba leo hakuna safari, au kwamba jina la kijiji limeandikwa vibaya. Kwa maana ya kwanza mama anarudi nyumbani na mtoto wake. Kwa maana ya pili wakala anatakiwa asahihishe jina na kujaribu tena.