Uchongaji: Anza na Kijiko, Twiga Baadaye

Wenzangu wakiniona na kisu na kipande cha mti huniuliza, "Twiga wetu yuko wapi?" Huwajibu kwamba twiga angoje. Anayetaka kujifunza kuchonga kwa kujifurahisha aanze na kijiko, na sababu imo ndani ya mti wenyewe.

Mti una nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake. Ukikata kwa kuzifuata, kisu huteleza vizuri. Ukikata kinyume, kisu huzama na kung'oa kibanzi kikubwa kuliko ulivyotaka. Tena, sehemu nyembamba ambayo nyuzi zimeipita kwa upana huvunjika upesi. Mnyama wa miguu minne basi ni taabu: nyuzi zikifuata mgongo, miguu hukatika, zikifuata miguu, mkia hauna nguvu. Kijiko ni mstari mmoja tu.

Mti gani? Usikimbilie mpingo, ni mgumu kama chuma. Muhugu nao tuuache. Wachongaji wa Kikamba waliupenda kwa miaka mingi, na kwa kuwa hukua polepole sana, umekuwa haba misituni. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Mimi nachagua mjakaranda. Ni laini, na mijini haukosi tawi lililokatwa.

Chonga ukiwa bado mbichi. Pasua tawi katikati, uondoe kile kiini cha ndani, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Chora kijiko kwa kipande cha kaa. Punguza ubavuni kwa panga, kisha uchimbe shimo la kijiko kwa patasi ya mviringo kabla ya kupunguza mgongo wake, kwa sababu mti ungali mnene na unashikika.

Sasa vidole, jamani! Mkono unaoshika mti usikae mbele ya makali hata siku moja. Na msidanganywe eti kisu butu ni salama. Hicho ndicho kibaya, kwani unakisukuma kwa nguvu mpaka kinaponyoka. Noa kila mara.

Ukimaliza, kifunge kwa gazeti ukiweke kivulini majuma mawili matatu. Jua la ghafla hupasua. Halafu piga msasa, wa kukwaruza kwanza, laini baadaye, upake mafuta ya kupikia. Ile rangi ya viatu inayopakwa vinyago tuwaachie tembo na vifaru, kijiko kinaingia mdomoni!

Mwenye jamaa kule Wamunyu, Machakos, akaangalie wachongaji likizo ijayo. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ililetwa huko na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Tazama jinsi wanavyokaa chini, wakashika gogo kwa nyayo, tezo ikishuka karibu kabisa na vidole. Hilo usiliige bado.